Nyumba moja, sufuria mbili: kupanga mila katika familia ya Kiislamu yenye makabila tofauti

Mara ya kwanza mavyaa wangu, mama wa mume, alipokuja Mombasa nilitaka kumfurahisha. Nikaenda Kongowea nikanunua mnavu, ambao kwao Siaya huitwa osuga, nikaupika nilivyofundishwa na mamangu: tui jepesi la kuchemshia, tui zito la kumalizia, kitunguu na pilipili mbichi. Alikula matonge mawili akamwambia mwanawe kitu kwa Kijaluo. Mume wangu akacheka asitake kunitafsiria. Kesho yake bibi yule aliingia jikoni mwenyewe, akauchemsha mnavu wake, akamwaga maji, akatia maziwa, akaulaza usiku mzima na kuupasha tena asubuhi. Mamangu alipopita kutusalimu akaonja kidogo, akaniambia kando: "Mwanangu, mboga hii yaonja kama dawa."

Mnavu ni ule ule. Nikajaribu kuwaridhisha wote kwa kutia nazi kidogo na maziwa kidogo. Hakuna aliyekula.

Hiyo ni miaka kumi na minne nyuma. Mimi ni mtu wa Kuze, Mji wa Kale. Mume wangu ni Mjaluo aliyesilimu kabla hatujajuana, na watu wake wote ni Wakristo. Tunaishi Tudor na watoto watatu. Kila mwaka hunijia mabinti wanaoolewa na watu wa bara, na vijana walioposa kwa Wasomali, kwa Wabajuni, kwa Mabaluchi, wakiuliza tumewezaje. Nimechoka kurudia kwa mdomo, basi naandika. Mengi hapa ni ya Waswahili na Wajaluo kwa sababu ndiyo niliyoyaishi. Wewe badilisha majina ya vyakula uweke yako.

Hatua ya kwanza: tengeni vikapu vitatu

Kaeni nyinyi wawili, bila mama wala shangazi, mkiwa na karatasi. Andikeni kila jambo ambalo kila mmoja wenu anaona "lazima lifanyike" nyumbani, kisha mligawe katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni dini: sala, saumu, chakula cha halali, mahari kuwa haki ya mke mwenyewe, maiti kuoshwa, kusaliwa na kuzikwa, mirathi kugawanywa kisharia. Haya hayana mjadala, na ukoo wa upande wa pili waambiwe mapema na kwa heshima, wasije wakayagundua siku ya msiba.

Kikapu cha pili ni mila: jambo ambalo ukiliacha hupati dhambi, lakini kuna mtu ataumia. Kumtia bibi harusi hina na piko, kumwita mtoto jina la babu, nani apewe firigisi la kuku (kwa Wajaluo ni la mwenye nyumba, usije ukampa mtoto analilia).

Kikapu cha tatu ni mazoea ya mtu. Chai ya rangi au ya maziwa, kula kwa mkono au kijiko, kulala na taa.

Sasa sikiza: ugomvi mwingi wa nyumba mchanganyiko hutokana na kitu cha kikapu cha tatu kuvalishwa kanzu na kuingizwa cha kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu niape kwamba Ramadhani bila mbaazi za nazi na mahamri haijatimia. Tena angalia jinsi mambo yanavyogandana. Mjane kukaa eda ya miezi minne na siku kumi ni amri iliyomo ndani ya Qur'ani. Kwamba mjane asijitazame kwenye kioo, hayo tumeyasikia kwa akina nyanya. Yote mawili nilifundishwa kwa sauti moja na mtu mmoja, ndiyo maana nikadhani yana uzito mmoja. Mkishindwa kujua jambo ni la kikapu gani, muulizeni mwalimu wa dini, msimuulize shangazi.

Wala msiogope kikapu cha pili kwamba ni cha upotofu. Wanazuoni wana kanuni, al-ada muhakkama: desturi ya watu huzingatiwa maadamu haipingani na sharia. Dini imeacha uwanja mpana.

Kuna wakwe wa pwani watakaokwambia "mwacha mila ni mtumwa", wakimaanisha kwamba mila ni yao na mtumwa ni mwenzako. Waulize hiyo mila safi waliyonayo imetoka wapi. Nyanya yangu mzaa baba ni Mdigo wa Tiwi, babu mzaa mama ni Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut. Biriani na chapati zimetufikia kutoka Bara Hindi, halua imekuja na watu wa Oman. Muhogo tunaoupika kwa nazi na mahindi ya ugali wa Siaya vyote vimevuka bahari kutoka Amerika, wakati wa Wareno. Kwa hivyo sahani yangu na ya mavyaa ni majirani wa jahazi moja.

Hatua ya pili: kila mila ipewe siku yake na mwenyewe

Hapa natofautiana na wengi wanaoshauri "changanyeni nusu kwa nusu". Ule mnavu wangu wa nazi na maziwa ndio nusu kwa nusu. Mila ikikatwa nusu haimfurahishi mwenyewe, na mgeni hajifunzi kitu.

Fanyeni hivi: kila mmoja achague mila tano au sita za kwao ambazo hawezi kuishi bila kuzirithisha. Si thelathini. Kila moja ipewe siku, na siku hiyo ifanywe kamili, kwa mapishi yake, maneno yake, nguo zake, na mwenye mila ndiye aongoze. Yule mwingine ni mgeni wa heshima siku hiyo: anaosha vyombo, anauliza maswali, hakosoi chumvi.

Kwetu Jumamosi usiku ni ya kwao. Ugali wa kuiva sawasawa, samaki mzima na kichwa chake, osuga ya maziwa, na watoto wanamsalimu babao "Amosi". Nazi haikunwi. Ijumaa ni yangu: pilau au biriani baada ya sala, kachumbari, ndizi mbivu, udi sebuleni, na jamaa yeyote atakayebisha hodi ale. Nyumba imechanganyika, sufuria hazijachanganyika.

Watoto ndio watakaochanganya, na waachwe. Binti yangu wa pili hula dagaa wa kukaanga kwa mahamri. Sikumfundisha mimi, hakufundishwa na babake, na kwa kweli si chakula kibaya.

Hatua ya tatu: Ramadhani na Idi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mwezi huu ndio mtihani.

Anzeni na mwezi wenyewe. Mombasa wako wanaosubiri tangazo la Kadhi Mkuu, na wako wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani. Nyumba moja yaweza kuwa na watu wa msimamo huu na ule, hasa mume akiwa alisomea dini msikiti mmoja na mke akalelewa mwingine. Nimeona nyumba mke anapika futari na mume anakula Idi. Kubalianeni kabla ya Shaabani kuisha kwamba nyumba itafuata mwezi mmoja, na ukishakubali usiulete mjadala usiku wa tarehe 29, watu wana njaa. Ikiwa ndugu zako wanafunga siku tofauti, siku hiyo nenda kawatembelee jioni, usiende asubuhi kuwalia biriani mbele ya macho.

Usiku huo wa mashaka una hila zake za jikoni. Andaa vitu visivyoharibika: vitunguu vya biriani vikaangwe vikauke, tambi zibaki kavu, bizari isagwe. Nyama usiitie mtindi na viungo mpaka mwezi utangazwe. Mwezi usipotangazwa, vitunguu vitangoja siku moja bila tabu. Nyama iliyolala kwenye mtindi siku mbili itakuvunjikia sufuriani.

Kabla ya hapo kuna kuvunja jungu, ile karamu ya mwisho wa Shaabani. Hii nawashauri muifanye siku ya kuwaalika jamaa wasiofunga. Ni mchana, kila mtu anakula, hakuna anayejihisi yuko nje. Tunawaeleza mwezi utakavyokuwa: kwamba tutachelewa kujibu simu jioni, kwamba mtoto mdogo hafungi, kwamba hawatatukosea wakinywa maji mbele yetu.

Kwa futari, usijitie kupika kila kitu kila siku. Magharibi huku hubadilika kidogo sana mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kwa hivyo ratiba ya jikoni haihangaiki. Yangu ni hii:

Siku nne za wiki: tende, uji wa pilipili manga, kitu kimoja cha kukaanga (bajia, sambusa au kachori) na kimoja cha nazi (mbaazi, muhogo, viazi au ndizi). Kwa watu sita, mbaazi kavu nusu kilo zilizorowekwa tangu usiku na nazi mbili zatosha, na hubaki za daku.

Siku mbili: futari nyepesi ya tende na uji tu, kisha chakula cha Kijaluo baada ya tarawehe, ile sala ndefu ya usiku wa Ramadhani. Ugali tumboni kabla ya tarawehe ni adhabu, muulize mume wangu jinsi alivyosujudu mwaka wa kwanza.

Siku moja: tunapeleka futari kwa watu au tunaalikwa. Sinia ikienda kwa jirani, hairudi tupu. Mjulishe mwenzako asiyejua desturi hii, maana wangu alirudisha sahani ya watu imeoshwa vizuri, na tupu, akaona amefanya adabu.

Zakatul fitri hutolewa na mwenye nyumba kwa kila Mwislamu anayemlisha, pishi moja ya chakula kikuu cha watu wa mji, kama kilo mbili na nusu hadi tatu, kabla ya sala ya Idi. Tulibishana mwaka mzima mchele au unga wa mahindi. Vyote viwili ni chakula kikuu. Tunatoa mchele kwa watatu na unga kwa wawili, na mtu wa msikitini hupokea bila kuuliza.

Siku ya Idi yenyewe, mkono wa Idi wapewe watoto wote waliopo, pamoja na binamu zao Wakristo. Mtoto anayeona mwenzake akitiwa noti mfukoni na yeye akapewa tabasamu hasahau. Jioni wapelekeni wote viwanja vya Makadara wakachoke.

Idi ya kuchinja ni nyepesi kuishirikisha, kwa sababu mkwe wa bara huenda asijue kaimati ni nini lakini nyama haimshangazi. Mbuzi wa udhiya awe ametimiza umri wa kisharia (kwa Mashafi miaka miwili, kwa wengine mwaka), na ng'ombe mmoja watu saba waweza kushirikiana. Nyama mnaweza kuwapelekea majirani na jamaa wasio Waislamu.

Hatua ya nne: mtoto

Majina kwanza. Wajaluo humwita mtoto kwa wakati aliozaliwa: Otieno wa usiku, Akinyi wa asubuhi, Achieng' wa jua kali, Okoth wa mvua. Hakuna ubaya wowote wa dini ndani ya neno "usiku". Mwanangu wa kwanza ana jina la Kiarabu na ni Otieno, na yote mawili yamo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Lakini kuna jina la namna nyingine, la marehemu wa ukoo, ambalo wazee husema marehemu mwenyewe ndiye amelidai, kwa ndoto au kwa kilio cha mtoto. Hapo imani imeingia, na tukalirudisha kikapu cha kwanza. Mume wangu alimwambia mamake: tutamwita kwa jina la babu kwa kumpenda babu, hatutasema babu ameomba. Bibi alinyamaza muda mrefu, akasema jina ni jina. Waislamu wa hapa nao hurithisha majina ya babu, kwa hivyo mlango wa kukutania upo.

Akika siku ya saba: mbuzi wawili kwa mwana wa kiume, mmoja kwa wa kike, mtoto anyolewe, na uzani wa nywele zake utolewe sadaka kwa madini ya fedha. Waalikeni wakwe siku hii. Ni siku ya nyama, mtoto na furaha, hakuna anayehitaji kuelezwa sana.

Jambo lililonipata bila kujiandaa ni arubaini. Kwetu mama mzazi hukandwa, hufungwa mkaja (kitambaa cha tumboni), hupewa uji na supu na mamake mzazi kwa siku arobaini. Nikamwambia mume: mamangu atakuja kukaa kwetu. Akabadilika uso. Kwa mila ya Wajaluo mama mkwe halali nyumba ya mume wa binti yake, na hata mama wa mume halali nyumba ya mwanawe. Ni heshima kubwa kwao, na ni mila isiyogusa dini yetu. Kama ningeshikilia, ningeshinda mimi na wote wangeumia.

Kumbe dawa ilikuwa kwetu. Zamani Mswahili hujifungua kwao. Nikarudi Kuze kwa mamangu siku arobaini, mila zote mbili zikatimia bila kukatwa. Mavyaa alipokuja kumwona mjukuu alilala kwa jirani yetu, mwanamke wa Kikamba, ambaye mpaka leo ni shoga yake kuliko alivyo shoga yangu. Mkikwama, tafuteni kwanza kama mojawapo ya mila zenu ina njia ya zamani mliyoisahau.

Lugha: kila mzazi azungumze yake. Chuoni, yaani madrasa, watapata Kiarabu cha Qur'ani, mtaani Kiswahili, shuleni Kiingereza. Kijaluo hakina mwalimu ila babao, na simu ya Jumapili kwa Dani, yaani nyanya yao. Babao akichoka akawaongelesha Kiswahili, lugha hiyo imekufa nyumbani kwenu, hakuna wa kulaumiwa mwingine.

Kwa walio bado kwenye posa

Mambo machache. Mahari ya Kiislamu ni ya bibi harusi, iandikwe na apewe mkononi. Wajaluo wamezoea kuyapeleka kwa wazazi wa binti, tena kwa ng'ombe. Wazee wao walipouliza ng'ombe wafikishwe wapi, babangu akawatoa nje akawaonyesha kichochoro cha Kuze, ambamo mkokoteni na mtu mnene haviwezi kupishana. Wakacheka wote, na mazungumzo yakalainika.

Kisha tukagundua kwamba kwao kuna ayie, kitu anachopewa mama wa binti kuonyesha amekubali, na kwetu kuna mkaja wa mama na kilemba cha baba, zawadi wanazopewa wazazi wa binti. Bahasha ikatolewa moja, kila upande ukaiita kwa jina lake. Ayie na mkaja vilikuwa vimekaribiana tangu zamani. Sisi tulivikutanisha tu. Mkiona mila mbili zimekaribiana hivyo, hapo tu ndipo ninaporuhusu sufuria moja.

Hatua ya tano: mkienda bara

Safari za kwanza za bara huharibiwa na nyama. Mama wa watu amechinja kuku kwa furaha, wewe unakataa. Pigeni simu wiki moja kabla: "Mama, kuku usimchinje, mwanao atachinja mwenyewe akifika." Bebeni kisu chenu. Hili linamfurahisha mama, mwanawe anaonekana mtu wa kazi. Siku za katikati ombeni samaki. Samaki hachinjwi, na wao ndio wenye ziwa. Sufuria za kupikia mkiwa na wasiwasi, nunueni mbili mpya mziache huko kama zawadi. Usizioshe zake mbele yake mara tatu.

Kuhusu Krismasi, sisi hatuendi ibada, wala hatujifichi. Tunafika tarehe 27, kanisa limekwisha, ndugu bado wapo, tunakaa mpaka mwaka mpya. Kuunga jamaa ni wajibu hata jamaa hao wakiwa si wa dini yako: Surat Luqman aya ya 15 inaagiza kukaa na wazazi kwa wema duniani hata wanapokuvuta kwenye shirki, huku ukikataa kuwatii katika hilo. Na Asmaa binti Abubakar alipomuuliza Mtume kuhusu mamake ambaye hakuwa amesilimu, aliambiwa amuunge. Mwambie hayo mume aliyesilimu jana na leo anataka kumkata mamake. Nimewaona wawili wa namna hiyo, na kwa bahati mbaya waliowashauri ni sisi watu wa pwani.

Maulidi na mengine ya kugombanisha Waislamu wenyewe

Hapa tatizo si kabila. Nyumbani kwetu Kuze husomwa Barzanji, kitabu cha maulidi, halua na kahawa chungu vikazunguka. Mume wangu alifundishwa dini na watu wanaoona maulidi ni bidaa, uzushi katika dini. Hatujakubaliana, na hatujaribu tena. Maulidi husomwa kwa mamangu, mimi naenda na watoto wanaotaka, yeye hutupeleka kwa gari na kuturudisha. Hitima vivyo hivyo. Tumekatazana jambo moja: kumtumia mtoto ujumbe wa dini kuhusu mzazi mwenzake.

Hatua ya sita: mauti, nayo iandikwe mukiwa wazima

Watu huikwepa hatua hii, na ndiyo inayovunja nyumba kwa siku moja.

Wakenya wa umri wangu hawajasahau kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Disemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake ukataka arudishwe kwao. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Siku 154 maiti haijazikwa. Hawakuwa Waislamu, lakini fikiria kwamba katika nyumba yenu upande mmoja unataka maiti iwe kaburini kabla ya jua kutua, na upande wa pili unataka isafirishwe, ilale nyumbani, watu wakeshe. Simu ya kwanza baada ya kifo si wakati wa kuanza kueleza.

Fanyeni haya:

Aliyesilimu aandike wasia, asaini mbele ya mashahidi Waislamu na wa upande wa kwao pia: aoshwe na nani, asaliwe wapi, azikwe wapi. Nakala moja ibaki kwa mke, moja msikitini, moja kwa kaka mkubwa.

Karatasi peke yake haitoshi. Aende kwao aseme kwa mdomo wake, wazee wakiwa wamekaa, akiwa mzima. Mume wangu alisema hivi: nikifia Mombasa nizikeni Mombasa siku hiyo hiyo, nikifia hapa nizikeni hapa siku hiyo hiyo. Walipinga usiku kucha. Asubuhi mjombake mmoja akauliza, "Sisi tutalia wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali. Wakakubaliana kwamba akizikwa Mombasa wao watakusanyika boma lake siku watakayochagua, na mimi na watoto, eda yangu ikiisha, tutakwenda kukaa nao. Kurithiwa kwa mjane na shemeji kulikatwa usiku huo huo, nikiwepo, na kaka zake wakaona haya kuliko mimi.

Mirathi: kwa sheria ya Kenya mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi imetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Mzazi asiye Mwislamu hana fungu katika mirathi hiyo. Lakini Mwislamu anaruhusiwa kuusia hadi thuluthi moja ya mali yake kwa mtu asiye mrithi. Mavyaa wangu ameandikwa humo. Wanawake wenzangu, msimzuie mume kuandika hivyo. Ni mamake.

Hatua ya mwisho: kalenda ukutani

Nunua kalenda kubwa ya ukuta. Sikukuu za Kikristo na za serikali ziandike kwa kalamu ya wino, za Kiislamu kwa penseli, kwa sababu mwaka wa mwezi una siku 354 au 355 na kila mwaka sikukuu zetu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Andika siku za kila upande, nani anaongoza, nani anasafiri, pesa zitatoka wapi. Fanya hivi Januari na urudie mwezi wa Rajabu.

Kisha tazama mbali. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, kama siku moja baada ya Krismasi. Maana yake ile safari yetu ya tarehe 27 itatukuta tumefunga, boma limejaa watu, mbuzi yuko jikoni, na sisi hatuli mpaka jua lizame ziwani. Nilimpigia mavyaa kumwambia mapema, nikidhani atahuzunika. Akaniuliza tunaamka saa ngapi kula usiku. Nikamwambia saa kumi. Akasema saa hiyo yeye huwa ameshaamka, osuga tutaikuta moto, na nisithubutu kuja na nazi.